Gramu Ishirini za Nailoni

Tangu iwe sheria kwamba mkulima hapewi mbegu mpya mpaka arudishe plastiki yote ya msimu uliopita, Sekela hakuwahi kupungukiwa hata gramu moja.

“Mama, nailoni ya kitalu chako imekonda,” mkusanyaji alitania, akiitazama mizani. “Zimepungua gramu ishirini.”

“Imekonda kwa majonzi, mwanangu.”

Sekela alikuwa amekata na kujiwekea kipande ambacho marehemu mumewe aliandika juu yake: *Nyanya zimechanua leo.* Aliingia ndani, akarudi na kitana cha plastiki cha marehemu.

“Toa nywele kwanza,” mkusanyaji alisema kwa upole. “Zinaongeza uzito.”

Sekela akazichomoa mvi moja moja, taratibu, kama zamani barazani siku za Jumapili, mumewe alipokuwa akilalamika kwamba anaumizwa.