Manyoya ya Jana

Kila asubuhi Mwatumu alileta manyoya saba ya kuku kwenye geti la wodi ya dondakoo, yamechemshwa, yamefungwa kwa uzi mwekundu. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Mle ndani binti yake, Siwema, alikuwa akipumua kwa kijibomba cha fedha alichowekewa kooni. Kikiziba kwa makohozi, Sista hupenyeza unyoya taratibu na kukizibua.

"Siku akipumua mwenyewe, nitakwambia usilete tena," Sista alimwahidi.

Siku ya tisa, Mwatumu alimkuta bawabu Kombo peke yake. Mzee huyo hakumtania kuhusu kuku wake aliyebaki bila manyoya ya mabawa, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mzee. Leo nimeanza kunyonyoa mkia."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuyapokea manyoya. Alipitisha mkono kwenye nondo za geti, akampa kifurushi kingine.

"Haya ni yako. Ya jana."

Uzi mwekundu ulikuwa na fundo lake lile lile. Halikufunguliwa.

"Kapona? Anapumua mwenyewe?"

"Sista anakuja."

"Nakuuliza wewe, mzee."

Kombo akachukua kigoda chake, akakipangusa vumbi kwa kofia yake, akafungua geti na kukiweka nje. Siku zote hizo hakuwahi kumpa mtu kiti.

"Kaa kwanza, mama."

Mwatumu hakukaa. Alimnyooshea vifurushi vyote viwili.

"Mpelekee," alisema. "Ya jana pia bado ni safi."