Pipa Jeupe

Ndege ilikuwa imeshashika mbio Sikitu alipohisi uwanja unaigomea. Ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa urubani, na Kapteni Mlekwa, mwalimu wake, alikaa kando yake kama mgeni. Mbele yao, pipa jeupe la pembeni, lililoonyesha nusu ya uwanja, lilicheza ndani ya mazigazi ya joto kama linaogelea. Kanuni ya pale ilikuwa moja: ukilifikia bila mwendo wa kutosha, simama.

Asubuhi, kukiwa na baridi, alikuwa amepiga vizuri hesabu yake ya mbio za kuruka. Kisha wakasubiri mafuta mpaka jua likawa la utosi, naye hakuirudia. Sasa aliliona kosa lake polepole, kama mtu anavyoona ndotoni. Joto lilikuwa limeifanya hewa nyepesi, na kwa ndege uwanja ule ulikuwa umepanda ukawa kilele cha mlima, wala haukusogea.

"Bibi yako yule penye uzio, anapunga kanga," Kapteni alimchokoza. "Utamwangusha, mama?"

"Na apunge, Kapteni. Hewa ya kutubeba haipo."

Akakata nguvu ya injini, akakanyaga breki. Wakasimama ubavuni mwa pipa.

Alfajiri iliyofuata Sikitu aliruka. Kapteni alistaafu, akafuga nyuki. Bibi alikuwa amesharudi kwao jioni ya jana yake, lakini alisimulia mpaka kufa kwake kwamba alimwona mjukuu wake akiruka. Pipa lipo bado. Mchana wa joto, ndani ya mazigazi, huonekana likiachana na ardhi taratibu, likaning'inia hewani.