Mahali Alipolala Robi

Siku ya UKIMWI, pale Machochwe, mzee wa kanisa alishika kipaza sauti akasema, "Wagonjwa wetu tuliwauguza kwa mikono yetu."

Mwaka tisini na nne, sisi akina mama wa kikundi cha kuuguza wagonjwa ndio tuliomtoa dada yake mzee huyo, Robi, kwenye banda la mbuzi. Alikuwa akisukumiwa ugali kwa fimbo. Tulimwogesha, tukamtoa funza vidondani kwa vidole vyetu, huku yeye, kaka yake, amesimama mbali, ameziba pua.

Sasa akaninyooshea cheti.

"Pokea, mama. Tunakushukuru kwa kutusaidia."

"Kwanza waambie Robi alikuwa analala wapi," nikamjibu.

Hakuwa amezima kipaza sauti. Uwanja mzima ulinisikia, ukamtazama yeye.