Masikio ya Shigela

Shigela alifuatwa mnadani Bariadi kwa Land Rover ya serikali, si kwa kosa, bali kwa masikio yake.

"Wewe ndiye dalali uliyevunja kaseti ya Milembe?" aliuliza Gilbert, afisa kutoka wilayani.

"Niliivunja. Zingekuwa mbili ningevunja zote."

Habari hiyo ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto Simiyu. Milembe, mwimbaji wa ngoma ambaye sauti yake haikuhitaji spika, alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja akaleta "kaseti mpya ya marehemu". Watu waliuza kuku ili wainunue. Shigela alisikiliza wimbo mmoja tu, akarudi dukani, akautoa mkanda wake nje kama matumbo katikati ya barabara. "Msichana wa kukodi huyu! Hata wafu mnawaibia?" Tangu siku hiyo hakuna aliyeamini kaseti ya Milembe mpaka Shigela aseme.

Na sasa ilikuwa imetokea nyingine. Salu, binti wa Milembe, alisema ameikuta kwenye sanduku la mama yake. Hii ilikuwa na maneno makali.

"Sikiliza, mzee," Gilbert alisema garini. "Marehemu hashitakiwi. Lakini kama ni mtu aliye hai, kajificha nyuma ya kaburi anatukana wakubwa, leo analala ndani. Wewe useme, utie dole gumba, nikurudishe kwa ng'ombe wako."

"Niseme kweli?"

"Kweli tupu. Si ndiyo sifa yako?"

Uani kwa Salu watu walikuwa wamejaa. "Mwangaluka," Shigela aliwasalimu. Walimwitikia kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani. Redio kaseti iliwekwa juu ya kinu, Gilbert akabonyeza.

Sauti ikatoka. Ilimwimba mama mwenye uchungu aliyefika mlango wa wodi akaambiwa leta glavu, leta wembe, leta dripu. Dripu ipo duka la ng'ambo ya barabara. Na mwenye duka ni nani? Ni huyo huyo mwenye funguo za stoo ya wodi.

Shigela alishika ukuta. Mkewe, Ernestina, alifia kwenye mlango wa namna ile ile, yeye akiwa bado ng'ambo ya barabara anambembeleza muuzaji. Soko huria, waliwaambia. Hata kifo kikapata mchuuzi wake. Alilalamika ofisi hii, akatumwa ofisi ile, mpaka viatu vikaisha. Mwenye funguo alikuwa nazo mpaka leo, ila tumbo tu ndilo lilikuwa limeongezeka.

"Haya, mzee. Ni yeye au si yeye?"

Mkanda ulikuwa na mikwaruzo. Sauti ilikuwa yenyewe, au karibu na yenyewe, na hapo kwenye karibu ndipo walipomwibia mwaka juzi.

"Sijui," alisema, na neno hilo lilimuuma kulitoa. "Nimeshaumwa na nyoka, mheshimiwa. Hata ung'ongo naukimbia."

Gilbert alimgeukia askari aliyekuja naye. Askari akamtazama Salu.

"Binadamu anadanganywa!" Mwanamke mmoja alisukuma watu akaja mbele. Alikuwa Klementina, jirani wa Salu. "Muulizeni ng'ombe! Milembe alikuwa akikamua huku anaimba. Yule mwekundu pale, bila sauti ya mwenyewe hatoi hata tone. Njoo umjaribu, mheshimiwa, au unaogopa kinyesi?"

Watu walicheka kidogo. Gilbert, ambaye maziwa aliyajua ya kopo, alikubali.

Ndama alifungwa mbali. Salu aliamriwa akae kando na asitoe neno. Alikohoa mara moja tu, na ng'ombe akageuza masikio.

Klementina alichuchumaa, akavuta chuchu. Hakuna kitu. Akavuta tena. Ng'ombe akampiga mkia wa uso.

"Haya, mwimbisheni marehemu!" alisema Klementina akijifuta.

Gilbert akabonyeza. Milembe akaanza na mlango wake wa wodi. Ng'ombe alitulia, akainamisha kichwa, akaanza kucheua. Maziwa yakapiga kwenye kibuyu, chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda.

Vigelegele vikalipuka. Shigela alimsogelea ng'ombe, akampapasa shingo, na kwa mazoea ya kazi mkono ukaenda wenyewe mdomoni, ukainua mdomo wa chini kama alivyofanya kwa kila ng'ombe maisha yake yote.

Meno makubwa sita. Mawili ya pembeni bado ya kindama.

Miaka minne. Ukimpendelea sana, minne na nusu. Na Milembe alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

Aliinua macho. Vigelegele vilikuwa vimekatika. Hawa walikuwa watu wanaojua siku ya kuzaliwa kwa ng'ombe wa jirani kuliko ya watoto wao, na kila mmoja, kuanzia Klementina, alikuwa akitazama ardhi. Salu peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama yeye.

"Vipi, mzee?" Gilbert alifungua kidau cha wino. "Umeona nini humo?"

Shigela alimwachia ng'ombe mdomo, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi mpaka wino ukatapakaa.

"Ni Milembe mwenyewe," alisema. "Na akitoa nyingine mwakani, mje mnichukue tena."