Vikombe vya Mama Mkwe

Mama mkwe aliingia jikoni na kumkuta Généreuse akirusha soksi tatu hewani, kila moja imejazwa maharage na kupigwa fundo.

"Maharage ya kula ndiyo unachezea? Mwanangu alioa mke ama alioa sarakasi?"

Généreuse akaziacha zianguke. Majira yote ya baridi alijifundisha kurusha na kudaka kwa video za simu, mumewe akiwa zamu kwenye mizigo ya ndege. Alipenda tu. Katika nyumba ile, soksi pekee ndizo zilizomtii.

"Leo tena nitamwambia mwanangu umevunja," mama mkwe alisema, akatwaa kikombe cha maua kwenye sinki.

Ndiyo ilikuwa kawaida yake: yeye hurusha kikombe kivunjike, Généreuse hufagia, na mume akirudi huambiwa mkewe hana mikono. Safari hii mume alikuwa amekwisha kuapa: kikivunjika kingine, anamrudisha kwa shangazi yake Ottawa.

Kikombe kikaja. Généreuse alikuwa anatazama kiwiko cha mama mkwe, si kikombe, na mkono wake wa kushoto ukakipokea. Chai iliyobaki ikamchuruzika hadi kwapani.

Cha pili kilikuja kwa nguvu zaidi. Mkono wa kulia ukakidaka.

Ndege ikapita juu ya paa, madirisha yakatetemeka. Mama mkwe akarudi nyuma, akagota kwenye friji.

Généreuse akavirusha vyote viwili juu, akavidaka, bila kumwondolea macho mama mkwe.

"Mama," alisema kwa adabu, "leta cha tatu."