Yai Lililonadiwa Baada ya Misa

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanasali pamoja, kanisa lao halikuwa na paa. Basi kila baada ya Misa walinadi matoleo. Bata, mchoyo tangu kiotani, alileta yai lililogoma kuanguliwa. "Ni viza," aliwaza, "lakini Mungu hanusi."

Kasuku, mnadishaji, akalipokea. "Yai la Mama Bata! Nani anaanza?"

Sungura akalinunua kwa kikapu cha mtama, akalikumbatia kidogo, kisha akasema kama ilivyo desturi, "Narudisha mnadani, lipate bei tena!" Kondoo naye akanunua, akalipakata, akarudisha. Mchana ukawa mzito kama usingizi. Yai likawa kama linaelea, kifua hadi kifua, likibeba joto la kila mmoja, hata Bata mwenyewe akasinzia.

Aliamshwa na sauti nyembamba: "Mama!"

Yai lilikuwa limepasuka mikononi mwa Fisi, mnunuzi wa mwisho, na kifaranga alikuwa akitoa kichwa.

"Mwanangu huyo!" Bata akalia. "Nirudishieni!"

"Ulimtoa mwenyewe, mama," Kasuku akasema kwa upole. "Hapa hatunyang'anyani. Tunanadi."

Fisi akameza mate. Kanisa zima lilikuwa likimtazama. "Narudisha mnadani," akanong'ona.

"Nani anaanza?"

Bata akajinyonyoa manyoya meupe ya kifuani, yote, mpaka ngozi ikaonekana, akayaweka mbele ya Kasuku. Hakuna aliyeongeza bei.

Mvua ilipokuja, ilikuta paa jeupe, laini. Chini yake Bata alitetemeka kwa baridi, mwanawe ubawani, wote wawili wakavu.