Furukombe wa Mita Hamsini

Mjinga wa siku ile alikuwa Kasuku, na anakiri mwenyewe bila kupigwa.

Aligeuza kayaki yake, kimtumbwi chembamba cha kasia, mgongo akaupa mwamba, uso akawapa wageni, kama inavyompasa kiongozi wa watalii. Kisha akatangaza kwa sauti ya mwenye mali: "Nyuma yangu, juu ya mti mkavu, furukombe! Tai wa ziwani, kichwa cheupe kama mnavyomwona. Tunaishia hapa, mita hamsini. Ana haya."

Hakuwa na haya. Alikuwa wa mbao.

Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alimchonga kwa mkono wake miaka minne nyuma. Furukombe wa kweli alikuwa ametoweka baada ya dhoruba. Mjomba wake, mwenye kayaki zote na bango kubwa lenye picha ya ndege huyo, alitamka neno moja tu: "Ndege akikosekana, na wewe ukosekane."

Basi Kasuku akatafuta gogo, panga na rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo. Alfajiri moja akapanda mwamba, akamfunga ndege wake kwa waya juu ya mti mkavu. Kwa wiki moja tu, mpaka mwenyewe arudi. Wiki ikazaa miaka.

Wageni hawakusumbua. Walipiga picha, wakala biskuti zao, wakarudi nchi kavu na hadithi. Lakini safari hii, pamoja na maharusi wawili waliokuwa wakirushiana maji tangu gatini, alikuwepo bibi mmoja mwenye darubini ndefu kama mkono wa mtoto.

"Huyo amefundisha habari za ndege chuoni miaka thelathini," mjomba alimnong'oneza Kasuku asubuhi. "Akisema ndege hayupo, bango nalishusha, nawe unarudi kuosha majaketi ya kuokolea."

Kwa hiyo Kasuku alijikomba. Alimchagulia bibi kayaki mpya. Akambebea mkoba hadi kwenye gari lake ili auweke kwenye buti.

"Buti limejaa, mwanangu. Weka kwenye kiti."

Bibi huyo hakuwa mgeni kabisa. Jana yake alikuja peke yake, akamuuliza Kasuku kama ziwa lote lina furukombe mmoja tu.

"Wengine hupita juu wakilia, bibi, ila hawashuki. Wana maringo."

"Hawashuki kabisa?"

"Miaka minne sijaona hata mmoja akitua."

Bibi akautazama mwamba. Kisha akakodi kayaki ya saa mbili na kuazima koleo, eti kiti kinalegea. Alirudi ameloa hadi kiunoni, anatabasamu kama aliyeokota kitu. Kasuku akamsamehe. Uzee nao una michezo yake.

Sasa bibi alikuwa ameinua darubini, na haishuki. Dakika ya tano. Jasho lilimtoka Kasuku hadi ndani ya jaketi.

"Amegeuza shingo," bibi akasema.

Kasuku nusura acheke. Miaka thelathini chuoni! "Ndiyo tabia yake, bibi. Hugeuza."

"Sasa anajikuna."

"Hapo umemwahi! Hujikuna sana mida hii."

"Hata mimi nimemwona!" bwana harusi akadakia.

Kweli, Kasuku akawaza, mtu huona kile alichokuja kukiona. Wala hakugeuka. Gogo lake alilijua.

"Tusogee," bibi akasema.

"Haiwezekani. Kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya ndege mwenyewe. Bibi, huyu nimemlea. Namjua kuliko ninavyomjua mke wangu. Mvua imnyeshee, jua limpige, hatikisiki!"

"Hatikisiki? Si umesema hujikuna?"

"Namaanisha... ni mtulivu."

"Mtulivu hatishwi na bibi kizee." Akazamisha kasia, kayaki ikaanza kwenda.

Kasuku akamzibia njia kwa kayaki yake, pua kwa ubavu. Sauti ya mwenye mali ikamtoka, ikabaki ya mwenye familia. "Bibi, nakuomba. Nina watoto watatu. Rudi."

Ndipo kilio kikali kikapasua anga nyuma ya kisogo chake. Kivuli kikapita juu ya kofia yake. Maji yakapasuka hatua chache kutoka alipo, na kichwa cheupe kikainuka na samaki mwenye urefu wa mkono, matone yakimnyeshea Kasuku usoni. Maharusi wakapiga makofi. Kasia la kiongozi likamtoka mikononi, likaanza safari yake.

"Yule..." Kasuku alikuwa akihema. "Yule hawezi kuruka!"

"Kwa nini asiweze?"

"Kwa sababu ndege wangu namjua mimi, bibi! Usibishane na mimi! Nilim..." Akawatazama maharusi, akalimeza neno lililobaki. "Huyo si wangu. Wa kwangu hawezi. Na hawa wa juu hawashuki, nimekwambia, ni maringo tu!"

Bibi akalifuata kasia lililokuwa likielea, akalileta, akamwekea mapajani. Akaegemeza kayaki yake kwenye ya Kasuku, akashusha sauti ili maharusi wasisikie.

"Wa kwako yumo kwenye buti la gari langu tangu jana, mwanangu. Na wewe je, ungeshuka, ukute gogo limekalia kiti chako?"